Baiti Nne za Kahambu

Kahambu alitoka Butembo kuja Kisangani kusomea hesabu, na vita vya mwaka 1998 vikamfungia njia ya kurudi. Akapata kazi kwenye depo ya dawa iliyokuwa na kompyuta moja. Humo aliandika programu: aina mama aliiita Dawa, na watoto wake wawili, Chanjo na Sirupu. Kila mmoja alijua kueleza masharti yake ya kuhifadhiwa.

Siku moja aliiuliza mashine kila chanjo inachukua nafasi kiasi gani kwenye kumbukumbu yake. Yeye aliweka namba mbili tu, kila moja baiti nne, yaani baiti nane. Mashine ikajibu kumi na mbili.

"Papa Hilaire," alimwambia mwalimu wake wa zamani, "kuko baiti ine zenye mimi sikuweka."

"Bon, chapisha yote yenye iko ndani ya mémoire. Utaona zinatoka wapi."

Karatasi hizo alikuwa nazo nyumbani Mangobo, mwezi wa sita 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipoanza kupigana mjini. Siku sita yeye na shangazi yake, tante Virginie, walilala sakafuni. Shangazi alisali rozari. Kahambu alishika penseli, akapitia karatasi zake.

Kila chanjo ilianza na namba ileile. Kila sirupu na nyingine. Baiti nne hizo zilikuwa anwani, namba ya mahali ndani ya kumbukumbu. Akaifuata ya chanjo, karatasi kwa karatasi, mpaka kwenye orodha fupi ya anwani za kazi, yaani mahali penye maagizo ya kila kazi. Mtoto alipewa nakala ya orodha ya mama. Penye njia yake mwenyewe ya kufanya kazi, mstari ulibadilishwa. Pasipo nayo, anwani ya mama ilibaki palepale. Bomu lilianguka jirani, naye hakuinua kichwa.

"Tante, mashine haiulize we ni nani. Inafungua liste yako tu, inaenda."

"Lala chini, mwana."

Mapigano yalipokwisha, walizika majirani wanne. Ukuta wa depo ulitobolewa, kompyuta ikapona. Mifuko ya damu ilianza kufika kwa ajili ya majeruhi. Kahambu akaongeza mtoto mpya, Damu, na masharti yake. Sehemu ya programu ya kuchapisha masharti, aliyoiandika mwaka uliopita, hakuigusa. Karatasi ikatoka: damu, digrii mbili mpaka sita.

"Hii niliandika mwaka jana, mbele ya Damu kuwa," alisema polepole. "Na imefungua liste yake, imeiita vizuri."

Papa Hilaire, aliyekuja kuangalia, alivua miwani, akasoma tena. Muuguzi aliyesubiri mlangoni akaichukua karatasi na kuondoka nayo kwenda hospitali. Kahambu alibaki kwenye kiti, mikono mapajani, akiitazama mashine.