Mkate wa Jirani na Mke wa Hakimu

Watu hudhani mke wa hakimu anakula raha. Mimi nilihamishwa kama kabati, kutoka Sur hadi Ibra, mwisho Nizwa, miji ya Waarabu, na kila mji mume wangu alianza kwa kunisomea masharti yake. Tusile kwa watu. Tusipokee tende, samli wala halwa. Harusini niende, nipongeze, nirudi nyumbani na njaa yangu.

Kule Ibra, miaka ya tisini, masharti hayo yalinishinda kwa jirani mmoja. Alikulia Unguja kama mimi, mcheshi, mdomo haumtulii. Kila alasiri nilivuka kichochoro, nikaingia kwake kwa mlango wa jikoni, nikakaa juu ya mbuzi kumkunia nazi huku tukisengenya kwa Kiswahili chetu mpaka adhana ya magharibi. Hakimu alinuna, lakini mkate wa kumimina wa jirani, ule wa mchele na nazi, ukiletwa aliula na kunyamaza. Alasiri zile nazitamani mpaka leo.

Kisha shoga yangu huyo akashitakiwa na kaka yake. Baba yao alimpa yeye shamba la mitende akiwa hai, na ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Kaka akadai ni urithi wa wote. Kesi ikaangukia kwa mume wangu. Nilimwomba kesi ampe hakimu mwenzake. Akajibu kuwa Ibra nzima ni jirani, akiwakwepa majirani atabaki kukaa nyumbani.

Siku ya kesi nilikuwa kitandani na homa. Shoga yangu alisikia, akaniletea mkate wa kumimina asubuhi, wa moto, kisha akaenda kujitayarisha. Mume wangu akauona, akaniambia niurudishe. Nikamwambia aurudishe mwenyewe, mimi mgonjwa. Wallahi akaubeba, na joho lake na kilemba, akavuka kichochoro mbele ya watu na kumkabidhi mlangoni.

Shoga yangu alishinda. Hukumu ilikuwa ya haki, hata kaka mtu hakukata rufaa.

Nilipopata nafuu nilikwenda kwake. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, nikazungukia wa mbele. Akanipokea kwa maamkizi mazuri, akaniketisha sebuleni, akatoa halwa na vikombe vya wageni. Nilimwambia anisamehe, mume wangu alikuwa kazini.

"Kazi yake naijua, Mungu amlipe kheri," akasema. "Lakini mkate ule sikumletea yeye, shoga. Nilikuletea wewe, una homa."

Ningefurahi angenitukana. Badala yake aliniuliza hali za watoto, mmoja mmoja, akanimiminia kahawa kidogo kidogo kwa adabu zote. Nilipotikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, alikipokea, wala hakunisihi ninywe kingine.