Bi Rula na Mapaa ya Kwao

Ofisini tulimwita Bi Rula, naye hakuchukia. Jedwali letu lilikuwa pana kuliko meza, mistari ishirini na mmoja, kila wilaya na mstari wake, na hakusoma tarakimu hata moja bila kuweka rula ya mbao chini yake, jicho lisije likateleza likaingia kwenye haki ya watu wengine. Nilikaa naye chumba kimoja miaka kumi na moja, meza zikitazamana. Alikuwa mkali, mcheshi akishashiba, na mwaminifu kiasi cha kukera.

Kazi yetu ilikuwa kugawa fungu la maendeleo: nani ajengewe soko, nani ghala, nani asubiri. Wilaya maskini zaidi ilitangulia, na umaskini tuliupima kwa mapaa. Wazo hilo lilikuwa lake. "Mtu ukimuuliza ana kiasi gani, atakudanganya," aliuambia mkutano. "Lakini paa liko juu, hata jua linaliona." Wakubwa wakapiga makofi. Tangu hapo nyumba ya nyasi ilikuwa na alama moja, ya bati haina kitu.

Aliweka na sheria nyingine: mtu haugusi mstari wa kwao. Mstari wa kwao yeye nilikuwa nao mimi.

Kwao ni mbali, lami inaishia njiani. Dada yake mkubwa aliongoza chama cha wanawake sitini wafuga ng'ombe. Maziwa ya asubuhi waliwahi kuyauza. Ya jioni yalilala yakaharibika, yakamwagwa, kwa kuwa hawakuwa na tangi la kuyapoza. Miaka mitatu walisubiri fungu liwafikie, na mwaka ule walikuwa wa pili kwenye orodha. Dada mtu alishaanza kusafisha chumba cha kuliweka tangi.

Ikaja dhoruba, ikabeba mapaa. Wafadhili wakaja na malori ya mabati, wakaezeka kijiji baada ya kijiji, wakapiga picha, wakaondoka. Miezi miwili baadaye wakaja wahesabuji wetu. Wakatazama juu, wakaona bati linang'aa, wakaandika walichokiona.

Nilipoingiza hesabu, wilaya ile ilishuka kutoka ya pili hadi ya kumi na tisa. Nilimgeuzia jedwali. Aliweka rula chini ya mstari wa kwao, akaitoa, akaiweka tena.

"Hawa wana mabati ya sadaka," alisema. "Chini ya bati hakuna hata godoro. Kaka, rudisha tarakimu za zamani. Ni mbili tu."

"Ni sheria yako, dada."

"Naijua ni yangu!"

Nilikataa. Niliogopa kazi yangu, nikaliita woga wangu uaminifu. Akaenda kwa mkurugenzi, akasimama mlangoni hadi saa sita akiwa na faili kifuani. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu zote. "Wilaya zote ishirini na moja zimeitia sahihi sheria hii," alimwambia. "Nikimfungulia mmoja, kesho wote wako mlangoni." Bi Rula alirudi, akakaa, na simu yake ikaanza kulia. Alikuwa dada yake, akiuliza tangi linafika lini.

Niliyasikia ya upande mmoja tu, yakanitosha. Alieleza mara tatu, kwa upole, kisha bila upole. Mwisho akapasuka: "Sasa mimi nifanyeje? Ezueni basi hayo mabati! Laleni kwenye nyasi, ndiyo mtahesabiwa maskini!" Akakata simu, akalia waziwazi, uso juu ya jedwali. Hasira haina akiba ya maneno.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja dada yake akapiga akiwa na furaha. "Njoo uone, mdogo wangu. Tumemaliza." Bi Rula alinitazama rangi imemtoka. Akaniomba niende naye, na safari hii sikuweza kukataa.

Tulifika mchana, mvua imetoka kukatika. Sikuona bati hata moja juu ya nyumba. Nyumba zote zilikuwa za nyasi mbichi, zilizoezekwa haraka na wanawake waliokuwa bado na ng'ombe wa kukamua. Mabati yalipangwa ndani ya kile chumba cha tangi, kila rundo na alama ya mkaa, mtu asije akachukua la jirani. Dada mtu alituonyesha kwa fahari, kama anayeonyesha mahari. "Nyumba mia moja na nne," alisema. "Waliobisha niliwaambia, mdogo wangu yuko ofisini, hawezi kusema jambo bure."

Mama yao alikuwa ndani, kitanda kimesogezwa kwenye kona pekee iliyokuwa kavu. Sufuria mbili zilikinga matone. Alikohoa muda mrefu kabla ya kutusalimu, akashika mkono wa mwanawe.

"Wanakuja lini kuhesabu?" aliuliza. "Waambie wawahi, mwanangu. Kifua hiki hakitasubiri sana."

Kuhesabu ni kila baada ya miaka mitano. Bi Rula alilijua hilo kuliko mtu yeyote nchini, maana ndiye aliyeipanga ratiba.

"Miaka minne na nusu, mama," alisema.

Hakuna aliyelia. Dada mtu alitoka, nikamfuata. Alikwenda kwenye chumba cha tangi, akainua bati moja, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango. Palipokuwa na misumari palikuwa pamechanika, akapitisha kidole, kikatokea upande wa pili.

"Hata tukirudisha yatavuja," alisema, wala hakuniangalia. "Wewe ndiye uliyekuwa na mstari wetu?"

Nikasema ndiyo, mimi.

Akalirudisha bati kwenye rundo lake, taratibu, alama ya mkaa ikiwa juu. Kisha akatwaa ndoo, maana saa ya kukamua maziwa ya jioni ilikuwa imefika.