Wakili wa Mwana Tope

Bibi yangu Mastura alipiga makumbi miaka thelathini na mitano, na katika hiyo, kumi na mmoja alikuwa wakili wa malkia ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Aliyelelewa kwenye hori letu la bahari, kusini ya Tanga ukifuata njia ya Pangani, anazijua habari za malkia huyo. Asiyezijua nitamweleza.

Pale penye mikoko palikuwa na mji kabla bahari haijaingia. Akitawala mwanamke, jina lake Mwana Tope. Mke wa mkubwa mmoja wa ng'ambo alikimbilia kwake akiwa amevunjwa taya, na mume akaja na watu mia kumdai. Mwana Tope akasema aliyeingia kwangu hatoki kwa kuvutwa. Wakachoma nyumba, wakawachinja walinzi wake mlangoni. Alipoona hakubaki wa kumlinda, akaishika bahari kwa pindo, kama mtu anayejifunika shuka, akaivuta juu yake, na juu ya mji mzima na hao maadui ndani yake. Wako chini ya tope mpaka leo. Watu wake wanaoana, wanazaa, wanahukumiana. Maadui nao wako huko huko, ndio wanaowatwangia.

Sisi wanawake wa mashimoni ndio raia wake wa juu. Makumbi ya nazi tunayafukia topeni miezi sita mpaka yalainike, kisha tunayafukua, tunayaponda kwa rungu juu ya gogo na kutoa usumba wa kusokota kamba. Tope ni lake, basi na sisi ni wake. Wakili anahukumu badala yake, waziri anagawa mashimo, na askari ni wanne. Dini yake si nyingi: kabla ya kufukua unalaza viganja juu ya tope, unabisha hodi, na huruki rungu la mwenzio. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja siku moja kusema huo ni ushirikina. Bibi akamwambia, "Mwalimu, swala tano twaswali. Huku chini twaamkia tu. Jirani haamkiwi?" Mwalimu akaenda zake.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Mwanamke akipigwa na mumewe, alifunga fundo kwenye kamba yake iliyotundikwa bandani kwa wakili. Yakifika saba, mume aliletwa gogoni na mkono wake ukapigwa rungu kwa hesabu ya mafundo. Lakini mwanamke aliyedai mafundo yasiyokuwepo kambani alikuwa mwongo: shimo lake lilifukiwa na makumbi yake ndani, akarudishwa kwa mumewe, na hakusikilizwa tena. Wanaume waliucheka ufalme wetu. Mwaka ule bibi aliposhika uwakili, wawili walivunjwa vidole, na tangu hapo walicheka kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa mfupi, mabega kama ya kuli. Sikio lake la kushoto halikusikia, kwa sababu babu alilipiga kwa mchi. Alizaa watoto watano, akabakiwa na mmoja, Uweso, ambaye ndiye baba yangu.

Baba alikuwa mkwezi. Alikwea minazi arobaini kabla ya adhuhuri na huko juu aliimba. Akishuka alikuwa mtu mwingine. Alimpiga mama yangu, Sabiha, kwa kamba ile ile ya kukwelea, ya kufunga miguuni, na mama akaenda kila mara akafunga fundo lake, hesabu akiiweka kichwani.

Mimi nilitolewa shule darasa la pili, kwa hiyo nilikuwa mashimoni kila siku. Alasiri moja wenzetu wamekwenda kunawa, nikamwona bibi ameishika kamba ya mama. Alilifungua fundo kwa meno, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha akaunyosha usumba kwa kidole gumba mpaka pasijulikane. Aliponiona akasema, "Atatulia. Nimesema naye."

Kweli alisema naye, nilisikia. "Uweso mwanangu, mkono huo utanifedhehesha."

"Kwani ninakupiga wewe, mama?"

"Na ukifika gogoni, nani atashika rungu? Si mimi?"

Baba akacheka, akamwambia basi ahesabu vizuri. Bibi alifungua fundo la pili mwezi wa Rajabu, la tatu siku chache kabla ya Ramadhani. Nami sikumwambia mtu. Nilidhani bibi anajua kitu tusichokijua.

Baada ya Idi, baba akiwa juu ya mnazi, kamba ya miguuni ilikatika nyuzi. Hakuanguka. Aliteleza kidogo akachubuka kifua. Alikuja nyumbani akasema mama aliisokota vibaya makusudi, apate kuwa mjane. Mama akasema, "Mimi sikuisokota." Alimpiga kwa ubapa wa panga. Meno mawili yalitoka, na mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Nilisikia ulivyolia, kama kuti kavu. Kamba ile aliisokota bibi.

Asubuhi mama alikwenda mashimoni, mkono umefungwa kwa kanga. Akafunga fundo kwa mkono wa kushoto na meno yaliyobaki, akasema, "Saba. Nataka kesi."

Waziri alikuwa Bi Asmahani, rika la bibi, mwanamke mrefu asiyependa upuuzi. Akaishika kamba, akahesabu kwa sauti. "Manne, Sabiha."

"Nimefunga saba."

"Mimi naona manne."

Praxeda, mmoja wa askari wetu, mke wa mkata mkonge, akasema, "Na huo mkono umevunjwa na nani, Bi Asmahani? Na kaa?"

"Sheria haihesabu mikono. Tukiacha leo, kesho kila aliyenuniwa na mumewe atatuletea saba ya mdomoni." Akachukua jembe akaenda kwenye shimo la mama.

Mle mlikuwa na makumbi ya miezi mitano. Jembe la kwanza la tope likaingia, la pili, la tatu. Watu wote walimtazama bibi, maana wakili peke yake ndiye angeweza kuzuia. Bibi alikuwa ameketi juu ya gogo lake, anatazama viganja vyake. Mama hakulia. Alisema, "Mama mkwe, kamba yangu uliilinda wewe."

Jembe la nne.

"Liweke, Asmahani," bibi akasema. "Ni saba. Matatu nimeyafungua mimi."

Jembe likawekwa chini. Bi Asmahani akamsogelea upande wa sikio zima. "Unajua unalolisema, shoga?"

"Ninalijua."

"Wakili aliyemwibia Mwana Tope ni mkono wa kulia, kwa kila fundo pigo moja."

"Nimehukumu kwa sheria hiyo miaka kumi na mmoja, unanifundisha? Kwanza tumalize ya Sabiha. Mkono huu nina kazi nao."

Tulikwenda wanawake kumi na tisa. Baba alikuwa juu ya mnazi karibu na kisima. Tuliuzunguka.

"Mama, waondoe hawa," baba akapiga kelele.

"Shuka, Uweso. Sikuja kama mama."

Akakata dafu akalirusha. Lilimpiga Praxeda begani akapiga magoti, akainuka. Akarusha jingine, likampasua mtu kichwa. "Nitalala huku huku," akasema.

"Lala, baba," Praxeda akamjibu, ameshika bega. "Kunguru watakuletea mto."

Wanawake wakacheka, naye alipowasikia wakicheka akashuka mbio, panga mkononi. Alimkata askari mmoja pajani. Marungu yakampata magotini, yakampata mgongoni, panga likaanguka. Walimburura mpaka mashimoni, wakamlaza, wanne wakamkalia, mkono wake wa kulia juu ya gogo.

Bibi alilaza viganja topeni, akabisha hodi. Kisha akashika rungu. Pigo la kwanza baba alimtukana. La pili akamwita, "Mama!" La tatu mfupa ukasikika, na bibi hakupunguza, alipiga yote kama anavyopiga makumbi, kwa kipimo kimoja, jasho likimdondoka puani. Baada ya la tano baba hakuwa na sauti. La saba lilipokwisha mkono haukuwa na umbo la mkono.

Bibi akampa mama rungu. Akapiga magoti mahali pale pale, akaweka kiganja chake juu ya damu ya mwanawe.

"Siwezi," mama akasema. "Nina mkono mmoja."

"Mmoja watosha."

Mama aliliinua kwa kushoto. La kwanza lilivunja vidole. La pili bibi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. La tatu liliteleza, likagusa ukingo wa gogo.

"Hilo halikufika," bibi akasema. "Rudia."

Mama akarudia.

Jumbe wa kijiji alipouliza, baba mwenyewe alisema ameanguka mnazini, na bibi akasema mkono wake umebanwa na gogo. Baba hakukwea tena. Alikwenda Tanga akapata ubawabu Raskazone, na kwetu hakurudi. Mama alibaki na shimo lake. Uwakili aliupata Bi Asmahani.

Bibi aliishi miaka miwili zaidi. Alikaa mwisho wa safu, penye tope jembamba, analishika kumbi kwa miguu na kuliponda kwa mkono wa kushoto. Asubuhi alimwamkia Bi Asmahani kama raia mwingine yeyote. Mama alimpelekea chakula, hawakuwa na maneno mengi. Siku moja nilimkuta bandani anasokota uzi mfupi kwa kushoto na meno. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Alifunga mafundo matatu, akautundika penye msumari ilipokuwa kamba ya mama, akaniambia, "Haya hayafunguliwi."

Uzi huo uko pale mpaka leo. Mgeni akiunyoshea mkono, Bi Asmahani humwuliza anatafuta nini.