Herufi za Harusi Msibani

Siku ile ya mazishi tulikuwepo mimi na wadogo zangu wawili, pasta, binti wa marehemu, na majirani waliojaa chini ya turubai kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Marehemu alikuwa mama wa Sudan Kusini aliyetulisha wazazi wetu walipofariki na mimi, kifungua mimba, nikaacha shule.

Mwaka huo wa 2013 nilikuwa nikichapa kadi katika duka moja mjini Lodwar. Nilitaka kumheshimu, basi wasifu wake wote niliuchapa kwa herufi za kadi za harusi, zile zilizolala kama mwandiko wa kalamu ya wino, zenye mikia inayojikunja juu na chini ya mstari. Kwa majina mawili ya maharusi zinapendeza sana. Mimi nilijaza nazo kurasa mbili.

Binti yake, aliyejifunza kusoma ukubwani, ndiye aliyeomba kuusoma mbele ya waombolezaji. Akaielekeza karatasi kwenye mwanga, akakwama mstari wa kwanza.

"Hayo ni maneno ama mizizi?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka.

"Dada, nisomee basi," binti akaniambia.

Ningeweza, maana niliyachapa mwenyewe, lakini aibu ilinikalisha. Pasta akasema jua limekuwa kali, twende kaburini.

Baadaye nilimpelekea binti nakala ya herufi nyoofu, naye akashukuru. Lakini majirani wale hawajakusanyika tena, na maisha ya mama yule hayajasomwa mbele yao. Deni hilo bado ninalo.