Mzigo wa Kujazia Mito

Simu ilipolia nilikuwa nimepakata mto mapajani, nashona mdomo wake. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani, na ndani ya ule mwali nyuzi za sufi zilielea, hazipandi wala hazishuki, kama zimesahau zilikokuwa zikienda. Aliyepiga alikuwa mume wangu. Alikuwa hospitali na dada yake.

"Dada amelala," akasema.

"Ashukuriwe Mungu," nikamjibu. "Msimwamshe. Tangu juzi hajapata usingizi."

Nikasikia viatu vya watu wakipita karibu naye, na kitanda cha magurudumu kikisukumwa. Kisha akarudia taratibu, kama anayemsomesha mtoto: "Mama watoto, nasema dada amelala."

Hapo nikaelewa. Sindano ilibaki imechomekwa kwenye kitambaa, na mimi nikabaki nimeitazama.

Katika nyumba nyingine neno lile lingeeleweka mara moja. Kwetu kulala lilikuwa neno la kazi. Wifi yangu alikuwa mshonaji wa mito ya kulalia, na umri wake wote aliumaliza akiwatafutia watu usingizi. Jirani akilalamika shingo inamuuma, wifi alimuuliza, "Umelalia nini?" vile daktari anavyouliza umekula nini. Mteja akirudi na kusema amelala vizuri, wifi alifurahi siku nzima. Watu walimwita Mama Mito, ingawa Mungu hakumjalia mtoto, na mumewe alitangulia mapema.

Nilipoolewa katika nyumba hii, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni. Alinikabidhi mto mpya na kuninong'oneza, "Wifi, kaka yangu anakoroma. Huu si wa kichwa, ni wa kuzibia sikio." Wako waliosubiri mawifi tugombane. Walisubiri mpaka wakachoka, wakaenda kusubiri kwingine.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Kulikuwa na cherehani chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, na kwenye kona kizimba cha wavu ambamo sufi ilipigwa kwa fimbo mpaka mbegu zianguke chini. Aliingia humo amejifunga kitambaa puani. Akitoka, kope zake zilikuwa nyeupe na nywele nyeupe, na hatua zake za polepole, utadhani ameshuka kutoka mawinguni na bado anaizoea ardhi. Sauti za barabarani zilififia ndani ya chumba kile. Hata pikipiki zilipita kama zinapita katika ndoto ya mtu mwingine.

Kila mto uliokamilika aliulalia kwanza. Aliweka kichwa, akafumba macho, akamwombea mtu asiyemjua ambaye angekuja kuulalia. Mara nyingine ile sala ilimpeleka moja kwa moja usingizini.

"Wifi, unasali au unakoroma?"

"Nasali kwa kina," alijibu bila kufumbua macho.

Ndipo mzee aliyekuwa akituletea sufi akaacha biashara. Misufi yake ilikatwa, pakajengwa nyumba. Wifi aliuliza sokoni, akauliza kwa washonaji wenzake, akauliza kanisani baada ya ibada. Wote walimwambia watu siku hizi wanajaza sponji. Magunia yakapungua, yakabaki yale ya kupangusia vumbi.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa hesabu. "Dada," akamwambia wakati wa chakula, "dunia imehamia kwenye sponji. Jaza sponji, au chumba tukipangishe. Kuna fundi simu anakitaka. Tusubiri mpaka mvua zianze, zaidi ya hapo sitaweza kumzuia."

"Sponji inapumua?" wifi akamuuliza.

"Mto upumue ya nini?"

"Haya. Wewe lala na mfuko wa plastiki usoni, kesho utanieleza."

Alisema kwa utani, lakini chakula hakukimaliza. Nilijua kinachomkaba. Kama sufi isingepatikana kabla ya mvua, karakana ingefungwa, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoitaka.

Mimi ndiye niliyesikia redioni juu ya ile huduma ya kuwaunganisha wenye biashara na wenye mali ghafi. Unapiga simu, unaeleza unachohitaji, nao wanakutafutia anayekufaa.

"Huyo si mshenga?" wifi akacheka. "Ujane wangu wote sikutafuta mshenga, leo ndio niposewe muuza sufi?" Hata hivyo aliosha uso, akavaa viatu vya kutokea, akaketi wima kitini. Akapiga.

"Karibu, mama," binti wa huduma akasema. "Unafanya biashara gani?"

"Mito, binti yangu."

"Mito mikubwa au midogo?"

"Yote. Hata ya watoto ninayo."

"Na unahitaji tukutafutie nini?"

"Mtu wa kuniletea mzigo wa kujazia. Uwe mkavu, msafi, usiwe na kokoto. Ukijazwa ovyo mto unabonyea katikati."

"Pole, mama. Kuna unaobonyea sasa hivi?"

"Upo. Jana nimeulalia, nikazama mpaka masikio."

"Umeulalia?"

"Lazima niulalie, binti yangu. Nitajuaje ubaya wake?"

Binti akasema sawa, mama, tutakutafutia. Neno sufi halikumtoka wifi hata mara moja. Kwake mto haukuwa na kingine cha kujaziwa, kwa hiyo akitaje ya nini? Nami nilikuwa pembeni, natikisa kichwa kuonyesha kwamba ameongea vizuri.

Wiki ile ile akapiga mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mama Mito? Mimi ni mtu wa mchanga. Nimeambiwa mito yako inabonyea. Lori liko tayari, nikumwagie wapi?"

"Unimwagie nini?"

"Mchanga, mama. Mkavu, nimeuchekecha, hauna kokoto hata moja. Kama ulivyoagiza."

"Baba, wewe ungeweza kulala juu ya mchanga?"

"Nimeshalala sana. Gari likiharibika nitafanyaje?"

"Mito ya kulalia!" wifi akapiga kelele. "Ya kichwani! Mto na foronya!"

Upande wa pili kikaja kicheko ambacho nilikisikia nilikosimama, ingawa simu ilikuwa sikioni kwa wifi. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. "Nami nikajiuliza, mama huyu ana mito mingapi mpaka mingine ni ya watoto! Sasa hiyo ya kichwani inajazwa nini?"

"Sufi."

"Ile ya mtini?"

"Hiyo hiyo."

"Mama, hapa mtoni ninapochota mchanga, misufi imejipanga kingo zote mbili. Maganda yakipasuka, inamwagika juu ya maji mpaka maji huyaoni. Sisi tunaiita uchafu. Inaziba chekeche langu."

Wifi akakaa chini taratibu. "Rudia," akasema. "Mto unakuwaje?"

"Mweupe, mama. Kama umetandikwa shuka."

Tangu siku ile wifi yangu alitembea na mto ule kichwani. Akipika alikuwa kando yake, akipiga pasi alikuwa kando yake. Alinisimulia jinsi sufi inavyodondoka pasipo upepo, inavyogusa maji isizame, inavyosafiri kimya kupita chini ya daraja ambalo hata hatukujua kama lipo. Mimi nilimsikiliza, sindano mkononi, na baada ya muda nami nikawa nauona: mto mmoja mrefu, Mungu ameujaza kwa mkono wake, haujashonwa mdomo.

Binti wa huduma alipogundua kosa alipiga kuomba radhi, na sauti yake ilikaribia kulia. Akatuunganisha na wengine. Wa kwanza alikuwa na vipande vya sponji, wifi akamshukuru kwa adabu. Wa pili alileta mabaki ya pamba kutoka kiwandani. Wifi akayanusa, akanipa ninuse. Yalinuka mafuta ya mashine.

"Huyu anatoka kwa fundi magari," akasema. Akamwambia binti, "Mwanangu, yule wa mchanga ulimkosea vizuri. Usimfute."

Lakini Bwana Mchanga, ndivyo tulivyomwita, hakujua lolote kuhusu sufi. Gunia lake la kwanza liliokotwa chini, lilikuwa na majimaji, limechanganyika na mchanga na maganda mabichi. Mume wangu aliinama, akachota kiganja, akauacha mchanga umwagike katikati ya vidole. "Dada, mto umepata na mchanga wake umepata. Wamebaki samaki."

Wifi alicheka naye, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilimsikia akiomba. Alipotoka akapiga simu, na hapo ndipo masomo yalipoanza. Alimweleza kwamba ganda lichumwe likiwa limekauka mtini, kabla halijapasuka. Lianikwe juu ya turubai, lifunikwe wavu. Sufi yake isishindiliwe kwenye gunia, iachwe ipate nafasi.

"Mama, mimi ni mtu wa koleo," Bwana Mchanga akalalamika. "Unanifundisha kubembeleza manyoya."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Anavyopenda kushikwa, ndivyo sufi inavyoshikwa."

"Basi nimekwisha, mama. Huko nako nalaumiwa."

Siku zikaenda, mawingu yakaanza kukaa chini juu ya mabati. Fundi simu alikuja kupima chumba kwa hatua zake, akasifu dirisha. Wifi alimkaribisha chai. Alishona mito miwili ya mwisho kwa sufi iliyobaki, akaiweka mezani, akafagia kizimba kikabaki kitupu. Sikumwona akilia, ila jioni ile aliketi karakanani bila kufanya chochote, mikono imelala mapajani kama vitu alivyoazimwa.

Lori lilifika kesho yake, anga limeshakuwa jeusi. Dereva alikuwa mtu aliyetumwa. Alishusha magunia kwa mkono mmoja, akisema hajawahi kubeba mzigo usio na mzigo. Mume wangu alitoka kusaidia. Alilifungua gunia moja pale mlangoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Hakuutoa mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka kitu cha utotoni.

"Ingizeni haraka," hatimaye akasema, "yatalowa." Jioni akampigia fundi simu, akamwambia atafute pengine.

Miaka iliyofuata Bwana Mchanga alileta sufi kila msimu, na mchanga wake aliuza kwingine. Hawakuwahi kuonana. Waliongea tu, habari za mvua, za magoti yake yeye Bwana Mchanga, za mkewe aliyekuja kuwa mchumaji hodari kuliko yeye. Kila mwaka wifi alisema atakwenda kuuona mto ukiwa mweupe. "Msimu ujao, Mungu akipenda." Ilitokea oda, ikatokea harusi ya jirani, ukatokea ugonjwa wa moyo. Daktari alisema moyo wake umepanuka. Wifi akamwambia, "Umejaa vizuri tu, daktari, usiwe na hofu." Hospitali, siku ile ya juzi aliyokosa usingizi, aliniomba simu na kumpigia Bwana Mchanga.

"Maganda yamepasuka?"

"Bado, mama. Wiki mbili hivi."

"Mungu anajua," akasema, akanirudishia simu.

Kazi ya Mungu haina makosa. Nimelisema hilo kwenye misiba ya watu wengi, na sasa nalisema kwenye wa kwangu, ingawa ulimi ni mzito. Niliwapigia ndugu, kisha wateja na yule binti wa huduma, na mwisho nikampigia Bwana Mchanga. Alisema tu, "Mama Mito mwenyewe?" Nikasema ndiye. Akauliza njia ya kufika.

Alikuja na mkewe katika lori lililooshwa. Alikuwa mtu mwembamba kuliko sauti yake. Alipopita kuaga mwili alisimama muda mrefu, watu nyuma yake wakangoja. Kisha akaja nilipoketi, akachuchumaa.

"Kumbe alikuwa mfupi," akaninong'oneza. "Sauti yake ilikuwa ya mtu mrefu."

"Alivaa viatu akiongea na simu," nikamwambia, na sote wawili tukacheka huku machozi yanatutoka, mpaka shangazi mmoja akatugeukia.

Akafuta uso. "Dada, mzigo wa msimu huu uko kwenye turubai. Sijui sasa nimpelekee nani."

Sindano yangu ilikuwa bado kwenye ule mto, na mto wenyewe nusu wazi. Nilimtazama mume wangu aliyeketi mbele yetu, nikidhani hatusikii. Hakugeuka.

"Ulete," akasema. "Mke wangu ataupokea."

Tulimzika alasiri hiyo hiyo. Kwaya ya kanisa iliimba njia nzima kutoka nyumbani, na jeneza lilibebwa na vijana wa mtaani kwa kupokezana. Mchungaji alisoma, akaeleza kwa kifupi maisha ya marehemu, akamwomba Mungu ampokee. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Mume wangu alitupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata, kisha ndugu, kisha majirani na wateja. Binti wa huduma, ambaye alifika amechelewa, alitupa wa mwisho. Bwana Mchanga aliomba koleo, akafukia pamoja na wanaume mpaka kaburi likajaa na kusawazishwa. Tukaweka maua, tukachomeka msalaba wenye jina lake. Mchungaji akafunga kwa sala, tukaitikia amina, na watu wakaanza kuondoka.