Siku Bendi Yetu Ilipopigiwa Makofi Kabla ya Kupiga

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa amelisikia tarumbeta kwa karibu mara moja tu, nayo ilikuwa siku ya mazishi ya babu. Babu alikuwa katekista, kwa hiyo parokia ilituma bendi yake kumsindikiza. Tangu siku hiyo, kwa bibi, chombo hicho kilikuwa na kazi moja. Aliposikia kwamba mimi, mjukuu wake wa kike aliyepelekwa Mbeya kusoma, nimeingia kwenye bendi ya shule na ninapuliza tarumbeta, alimpigia baba simu.

"Hilo ni la kumsindikiza mtu," alimwambia. "Akija nalo hapa, majirani watakuja kuuliza nani amefariki."

Nilikuwa kidato cha tatu. Mvulana aliyekuwa akiongoza safu ya tarumbeta alikuwa anamaliza kidato cha nne, na mwalimu wa bendi alitaka mimi nishike nafasi yake. Sharti lake lilikuwa moja: niende na tarumbeta la shule nyumbani likizo ya Desemba, nipige kila siku. Midomo ya mpuliza tarumbeta, alisema, ikilala likizo nzima hurudi shuleni kama ya mtu mwingine. Nilimweleza baba. Baba akacheka kidogo, kisha akasema, "Mimi sina neno. Lakini likizo unakaa kwa bibi yako, na wewe unamjua."

Namna hiyo jambo lilibaki limening'inia hadi Julai, ilipofika safari ya bendi.

Kila mwaka bendi yetu ilikwenda mji mwingine, ikafanya kazi ya kujitolea mahali fulani, ikapiga muziki, kisha ikatembezwa kuona vitu. Mwaka uliotangulia ilikuwa Iringa. Mwaka huo mwalimu alisimama mbele yetu akasema, "Sumbawanga," na bendi nzima ikageuka kunitazama mimi, kwa kuwa huko ndiko kwetu.

"Mfipa," alisema mpiga matoazi, yule kijana wa visahani vya shaba ambaye hakuwahi kukaa kimya hata kwenye nyimbo zisizomhitaji. "Mambo ya kwenu ya kumtumia mtu radi tumeyasikia. Mtu akikukalia siti yako kwenye basi, si unatumaliza wote?"

"Julai hii?" nilimjibu. "Hata radi ina msimu wake. Nikalie siti Desemba."

Walicheka, na mwalimu akaniteua kuwa mwenyeji wa msafara. Kazi yangu ya kwanza ikawa kutafuta mahali pa kujitolea. Nilipendekeza zahanati ya kijiji chetu, kwenye barabara iendayo Matai, kwa sababu ukuta wake ulikuwa umechakaa. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia mwalimu, na ilikuwa ya kweli. Sikumwambia kwamba ukiwa zahanati unamsikia jogoo wa uani kwa bibi akiwika.

Tulipita Tunduma katikati ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia, tukanunua mahindi ya kuchoma Laela, na baada ya hapo nchi ikafunguka. Rafiki yangu, msichana wa Tukuyu aliyebeba ngoma kubwa, alitazama dirishani muda mrefu. Kwao migomba inagusana. Hapa aliona majani makavu ya rangi ya mkate yakilala upande mmoja, mashamba ya alizeti yaliyovunwa, na mbingu.

"Miti mmeipeleka wapi?" aliuliza.

"Upepo umeichukua."

"Na bado unatafuta mingine," alisema, akafunga dirisha.

Asubuhi ya pili, pale shuleni tulipolala mjini Sumbawanga, baridi ilitufanyia jambo ambalo mwalimu alikuwa ametuonya lakini hatukumwamini. Matarumbeta yalishuka sauti. Vinanda vya plastiki vya kupuliza vilibaki pale pale vilipokuwa Mbeya, lakini shaba ilikuwa imepoa kama sufuria ya jana, na kila noti niliyopiga ilikaa chini kidogo ya pale ilipotakiwa. Mwalimu, mtu wa Tanga, alikuwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufu. "Nilipohamia Mbeya nilidhani baridi imeishia pale," alisema. Akaamuru wapiga tarumbeta wote wavibebe vyombo vyao ndani ya sweta, tumboni, hadi dakika ya kupiga. Tukapanda basi tumekumbatia matumbo yetu kama wajawazito, na mpiga matoazi akawa anatufungulia njia: "Wapisheni akina mama, jamani. Wapisheni."

Mpango wa mwalimu ulikuwa huu: tufike kijijini, tupige nyimbo mbili ili watu wakusanyike, kisha tushike brashi na majembe. Tulijipanga kwenye uwanja mbele ya zahanati, ngoma kubwa katikati, matarumbeta safu ya pili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimelitoa langu kwenye sweta pale kundi la akina mama lilipotokea kwenye njia ya kisimani. Wengi walikuwa wazee. Walisimama mbali kidogo, wakainama kwa pamoja, wakaanza kupiga makofi.

Hayakuwa makofi ya kushangilia. Viganja vilikunjwa kidogo, kama vya mtu anayekinga maji, na mlio wake ulikuwa mzito na wa taratibu. Kwetu mtu mzima husalimia hivyo, na anayesalimiwa hujibu hivyo hivyo. Kisha huja swali la nyumbani, na makofi. Swali la shamba, na makofi. Hadi habari ziishe. Sikuona haja ya kulieleza hili kwa bendi. Halikunijia hata kichwani, kama ambavyo mtu hakumbuki kumweleza mgeni kwamba mlango wa kwao unafunguka kwa ndani.

Mwalimu alifurahi. "Mnaona?" alitunong'oneza. "Hatujapiga hata noti moja." Akawainamia akina mama mkono kifuani, kama msanii jukwaani. Rafiki yangu wa Tukuyu naye aliyasikia makofi yale kwa sikio la mpiga ngoma. Alidhani wanatupa mwendo wa wimbo. Akauchukua, akajibu: du, du, du.

Akina mama walitazamana. Wamejibiwa. Mmoja akauliza kwa Kifipa habari za huko tulikotoka, na wote wakapiga tena. Ngoma ikajibu. Wakauliza habari za njiani, wakapiga. Ngoma ikajibu, safari hii kwa madoido kidogo. Mpiga matoazi akaona anaachwa nyuma, akagusanisha visahani vyake, na bibi mmoja mfupi akaruka, kisha akaendelea na salamu kwa sababu ni adabu kumaliza ulichoanza.

Mwalimu alianza kupata wasiwasi. Alirudi nyuma hadi safu yetu bila kuacha kutabasamu mbele.

"Mwenyeji, hawa wanataka wimbo gani?"

"Hawataki wimbo, mwalimu. Wanatusalimia."

"Na sisi tumejibu nini?"

"Ngoma imesema tumelala salama, na kwetu mahindi yamekauka vizuri."

Alifikiri. "Na sasa hivi wameuliza nini?"

"Wameuliza habari za watoto wako."

"Sina watoto."

"Ngoma imesema hawajambo."

Safu yangu nzima ilikuwa imeinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nami nilikuwa nacheka hadi nilipomwona bibi. Alikuwa amejitenga na wenzake, amesimama wima, khanga begani, ananitazama. Wenzake walikuwa wameinama mbele ya watoto wa watu, na mjukuu wake mwenyewe, aliyepaswa kuinama wa kwanza, alikuwa amesimama mikono imejaa shaba.

Nilifanya kilichonijia. Nilikunja magoti, nikaweka tarumbeta mdomoni, nikapuliza noti za chini kabisa, polepole, kwa mwendo ule ule wa viganja. Akina mama wakacheka kwa furaha na kunijibu. Bibi hakucheka. Alikuja hadi mbele yangu.

"Hilo dude limenisalimia," alisema. "Wewe je?"

Nikampa mpiga matoazi tarumbeta. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikakunja viganja, nikasalimia kama nilivyofundishwa kabla sijajua kusoma. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Alijibu makofi yangu yote bila kupunguza hata moja. Kisha akaonyesha sweta langu lililolegea tumboni. "Nilikuona ukishuka kwenye basi umetuna hapo. Nikasema, ndiyo elimu niliyoambiwa. Kumbe ulificha hilo?"

"Lilikuwa linaona baridi, bibi."

"Linaona baridi," alirudia, kama mtu anayerudia bei ya sokoni asiyoiamini. Alilitazama tarumbeta mikononi mwa mpiga matoazi, ambaye alikuwa amebana visahani vyake kwapani. Alinyoosha kidole akaligusa. "Kweli," alisema. "Limepoa."

Akaenda kukaa kwenye benchi la zahanati. Tulipiga nyimbo zetu mbili. Wengine walishangilia, bibi alikaa mikono juu ya mapaja na sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Tulipoanza kazi alikuwa ameondoka.

Tulipaka ukuta chokaa. Tulichimba shimo la taka, tukasomba mawe tukapanga kando ya njia ya wagonjwa, na mwalimu akapakwa chokaa kofia yake ya sufu na mtu ambaye hadi leo hajajulikana. Jioni, tukiwa tunafungasha, mtoto wa jirani alileta ujumbe: "Bibi amesema kesho mkitoka kwenye maporomoko mpite kwake. Wote. Na hilo dude."

"Ni vizuri au vibaya?" aliuliza rafiki yangu.

"Sijui. Kama ni vibaya atatulisha kwanza."

Kwa hiyo maporomoko ya Kalambo niliyaona kwa jicho moja. Wenzangu waliyaona kwa yote mawili. Njia ya miguu inateremka katikati ya vichaka, husikii kitu, halafu ardhi inakatika na mto unaishiwa mahali pa kukanyaga. Unaanguka mwembamba, mrefu, hadi chini kabisa kwenye bonde lenye kivuli, na ng'ambo ni Zambia. Mpiga matoazi aliipigia Zambia saluti, akasema hakuna aliyemrudishia, na kwamba atalalamika akipita mpakani Kasesya. Mwalimu aliniambia nipige noti moja ndefu. Niliipiga. Ilivuka bonde, ikagonga mwamba wa upande wa pili, ikarudi ndogo, kama mtu anayeitikia akiwa mbali shambani.

"Imependeza," alisema mwalimu. "Mbona unaonekana kama umeitwa ofisini?"

Tulimkuta bibi uani. Alikuwa ameusambaza ulezi wake juu ya sakafu iliyosiribwa vizuri, masuke ya kahawia yaliyokauka, na kando yake fimbo nyingi za kupuria zimepangwa. Tulipomaliza salamu, na safari hii bendi nzima ilikunja viganja, mwalimu akiwa wa mwisho kuacha, bibi alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Zahanati mmeisaidia. Sasa mnisaidie na mimi kidogo, chakula kinaiva."

Tukapura. Mwanzoni ilikuwa fujo. Kila fimbo ilishuka kwa wakati wake, na mpiga matoazi alijipiga kwenye kiatu. Ndipo rafiki yangu wa Tukuyu alipoanza kuhesabu kwa sauti, kama anavyofanya kwenye mazoezi, na fimbo zikaanza kushuka pamoja. Punje ziliruka. Bibi alisimama na ungo wake, akamtazama.

"Huyu," alisema, "ngoma yake inaleta unga." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Unangoja mtu afe?"

Nililitoa tarumbeta kwenye sweta. Nilipiga wimbo wa kanisani wa siku ya kuleta mavuno, ule ambao kila mtu pale kijijini anaujua, lakini niliuharakisha ufuate fimbo. Bibi alianza kupepeta. Sehemu ya juu ilinishinda. Noti ilipasuka, ikatoka kama mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Fimbo zote zikasimama, na kicheko cha kwanza nilichosikia kilikuwa cha bibi. Alicheka hadi akauweka ungo chini.

"Kumbe linajua na kucheka," alisema.

Hapo ndipo jirani, mama wa makamo, alipotokea kwenye uwazi wa ua akihema. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, nyingine kichwani, na mkono mmoja tayari uko shavuni. Alitutazama wote tuliovaa sare, akalitazama tarumbeta, akamtazama bibi.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Miezi yote ile bibi alikuwa amesema litatokea jambo hili hili, na sasa limetokea, mlangoni kwake, mbele ya wageni.

Bibi aliokota ungo wake.

"Hakuna aliyekufa," alimwambia. "Ni ulezi. Chukua fimbo."

Tulikula ugali wa ulezi na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani waliotoka Kasanga, tukanywa togwa, na jirani akakaa nasi akimsimulia kila mpita njia kuhusu mbio zake. Wakati wa kuondoka bibi aliniita ndani. Ukutani, pale palipotundikwa chekecheke na kofia ya babu, palikuwa na msumari ambao haukuwa na kitu.

"Hapo," alisema. "Si chini, panya wataingia humo wazaliane." Nilikuwa natafuta namna ya kushukuru, lakini alikuwa bado anaupima ule msumari kwa macho, akautikisa kuona kama unashika. "Na Desemba ukija nalo, usisahau sweta lake. Huku mvua ikinyesha ni baridi vile vile."