Majivu Yangu na Kompyuta ya Damu

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini kuosha najua, na pale Tunduma aliyenizidi kung'arisha sufuria simjui. Ndiyo maana kituo cha afya kiliponichukua kufanya usafi, haikupita muda nikakabidhiwa na vioo vya maabara. Ni vipande vyembamba, urefu wa kidole. Tone la damu linapakwa juu yake, linatiwa dawa ya zambarau, halafu mpimaji analitazama kwa hadubini kama lina wadudu wa malaria. Vioo vipya vilikuwa haba, kwa hiyo vilivyotumika vilioshwa vikatumika tena.

Mpimaji alinielekeza: sabuni ya unga, maji mengi, kitambaa laini. Nikamwitikia. Alipotoka nikachukua majivu ya magunzi, nikayachekecha, nikasugua. Kioo kikitoka hapo unaweza kujitazama meno. Miaka tisa nilifanya hivyo. Mpimaji alinisifu hata mbele ya wageni, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua na habari za majivu.

Sasa, tukiwa bado mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa, akaja binti mmoja wa chuo kikuu na kompyuta yake ya mkononi. Akafunga kamera juu ya hadubini, waya ukaingia kwenye kompyuta, damu ikaonekana kwenye skrini, chembe nyekundu zimetandazwa kama maandazi ya harusi, nyeupe moja hapa, moja kule. Nikamwuliza anatafuta nini. Akaniambia anaifundisha kompyuta kusoma damu yenyewe, ihesabu chembe, halafu iseme huyu mzima, huyu ana malaria. Anaionyesha picha, anaiambia hii ya mgonjwa, hii ya mzima, maelfu kwa maelfu, mpaka inatambua.

"Ikikosea nani anaichapa?" nikamwuliza.

"Haichapwi, bibi. Inajirekebisha."

Nikamwambia nimelea watoto saba na sijaona aliyejirekebisha. Akacheka. Mimi nilikuwa sitanii.

Alikaa nasi miezi mitano. Picha za wagonjwa alizipata hapo hapo kwetu, kwenye vioo nilivyoosha mimi. Za wazima alizifuata Ibaba, kule milimani kwenye baridi, kwa wanafunzi wa shule, akiwa na boksi lake la vioo vipya kutoka chuoni. Walimu wake walikuwa waje Ijumaa kuijaribu kompyuta. Ikipata, anamaliza masomo. Ikikosa, anaanza upya mwaka mzima, na alisema nyumbani kwao hawataki kusikia habari ya mwaka mwingine. Wiki hiyo hakula ugali wa kushiba hata siku moja.

Jumatano akataka kufanya majaribio na watu wa kituo. Mganga mkuu akatoa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo cha hapo hapo kwetu, kompyuta ikasema ana malaria. Dereva, malaria. Nesi wa zamu, malaria. Mpimaji alitazama damu zote kwa macho yake akasema hakuna kitu. Lakini mganga mkuu alikuwa ameshaanza kusikia kichwa kinamuuma. Akaomba blanketi, akajilaza kwenye kitanda cha wagonjwa. Dereva naye akasema kumbe ndiyo maana magoti yalikuwa yanamuuma tangu Pasaka.

Nikatoa kidole changu. Malaria.

Mimi malaria naijua tangu nanyonya, haiwezi kuniingia nisiisikie. Nikaona hii mashine inatusingizia. Nikachukua kioo changu kisafi, nikadondoshea dawa ya zambarau peke yake, damu hakuna, nikamwambia binti apige picha. Ikasema malaria.

"Na hiki kioo tukilaze wodini?" nikamwuliza.

Mpimaji akamtoa damu dereva mmoja wa lori aliyekuwa anatetemeka kwenye benchi, akaipaka kwenye kioo kipya cha lile boksi. Kwenye hadubini wadudu walionekana, kompyuta ikasema mzima.

Binti akafungua picha zake za miezi yote, akawa anazikuza. Kwenye za wagonjwa kulikuwa na mistari myembamba imepitana kila upande. Za Ibaba hazikuwa na mstari hata mmoja. Akasema taratibu kwamba kompyuta haikujifunza malaria, imejifunza mikwaruzo. Yaani ikiona mkwaruzo inasema mgonjwa, isipouona inasema mzima. Halafu akanigeukia.

"Bibi, vioo hivi unaviosha na nini?"

"Sabuni," nikasema.

Akaniamini. Hapo ndipo nilipoona vibaya. Kama angebisha ningegombana naye yakaisha, lakini aliniamini, akasema basi hajui mistari imetoka wapi, akaanza kukunja waya wa kamera. Waya ukamponyoka mara mbili.

"Mwanangu, acha waya," nikasema. "Ni majivu."

Mpimaji akageuka. "Majivu gani tena, mama?"

"Ya magunzi. Nilikuwa nayachekecha."

Miaka tisa yote ilimpita usoni. Alitaka kusema neno, binti akamwahi. Alikuwa ameshaanza kucheka, machozi yanatoka. Akasema kama ni majivu, dawa yake ipo. Wazima wapakwe kwenye vioo vyangu vya mikwaruzo, wagonjwa kwenye vioo vipya, picha zichanganywe na zile za zamani, kompyuta ikose pa kujishikiza iangalie damu.

Alhamisi nilizunguka mji tangu asubuhi. Nikawakusanya wabadilisha fedha wa mpakani, mama wauza mchele, na wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaoniita mayo, yaani mama. Wakiniuliza tunapimwa ugonjwa gani nikawaambia uzima, twende. Hakuna aliyebisha, wananijua. Mganga mkuu nilimvua blanketi mwenyewe. Wagonjwa wa benchi mpimaji aliwapaka kwenye vioo vipya. Jioni kompyuta ikaachwa isome upya, na asubuhi ilikuwa imemaliza.

Walimu walikuja wawili, mmoja mzee wa tai. Wakajaribu watu wa kituo, wazima wote. Wakajaribu wagonjwa wa benchi, ikapata. Mzee wa tai akasema na yeye apimwe, tuone. Kompyuta ikasema malaria.

Mzee akasema mashine imekosea, yeye ana uchovu wa safari na kabaridi kidogo tu. Akaanza kuandika kwenye karatasi yake. Mpimaji akainamia hadubini, akatazama, akafuta lenzi, akatazama tena.

"Mwalimu, wamo," akasema.

"Wamo kina nani?"

"Wadudu. Wengi."

Mzee akataka kidole kingine, damu nyingine, kioo kingine. Ikasema vile vile. Nikamletea uji na dawa mseto, nikasimama mbele yake mpaka akameza. Akasema hajawahi kuona bibi mkali namna hii hospitalini. Nikamwambia meza na hicho kidonge cha pili.

Saa nane homa ikapanda kweli kweli. Akafuta alichokuwa ameandika, akamwandikia binti kwamba amefaulu, lakini mkono ulitetemeka hata saini ikatoka nje ya karatasi. Binti akamshikia kiwiko, akamwomba arudie.